Kamera Ndani ya Jiwe la Tabaka

Jumatatu, 8 Aprili 1996

Shule zimefungwa, nami nilikuwa nimejipangia likizo ya kukaa. Kukaa tu. Kusahihisha insha za Kidato cha Tatu pole pole, kunywa uji wa wimbi, kuangalia watu wengine wakichuma majani chai. Leo asubuhi, kabla kikombe hakijapoa, dada yangu Marion ameingia na gumboti zenye matope.

"Mwalimu," amesema. Watu wote wa Nyaramba huniita Mwalimu, hata Bitutu mke wangu. Jina langu la Mose amebaki nalo mama peke yake. "Mwalimu, nataka kamera ya kuingia kwa maji."

Lazima niandike chanzo cha jambo hili ili nisije nikajilaumu mwenyewe. Mwaka jana Marion alipata kazi ya kupika kambini, kwa kampuni moja ya Nairobi inayowashusha watalii kwa mashua za mpira kwenye maporomoko ya Tana. Alienda kupika, akarudi anajua kuongoza mashua. Sasa kampuni inatafuta waongozaji wapya, na bosi amemwambia alete kanda ya video akiongoza chombo kwenye maji makali. Kanda ipigwe kutoka kwenye chombo chenyewe, uso na mikono vionekane, maana ukimpiga picha mtu kutoka ukingoni kila mmoja anaonekana hodari. Mwisho wa kuipokea ni mwisho wa Juni. Mto wetu huwa mkali wakati wa masika tu, mvua ikikatika unabaki kijito cha kufulia nguo.

Mimi nimeshamtafutia nafasi katika chuo cha walimu wa chekechea, ya kuanza Julai. Niliomba mpaka nikaona haya. Ila nimemwambia sawa, tutatafuta kamera, kwa sababu uji ulikuwa unapoa.

Jumanne, 9 Aprili

Mjini Kisii, dukani kwa Arvind. Duka lake ni la picha za pasipoti, redio, betri, saa za ukutani na kila kitu kinachoweza kuharibika. Nimemweleza shida yangu.

"Mwalimu, wewe nataka picha ya maji, ama picha ndani ya maji?" ameuliza. "Hiyo ni bei mbili."

Amefungua kitabu cha bidhaa na kunionyesha kamera ya video iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya majini, imevikwa mpira kila upande. Nzuri kweli. Bei yake ni ng'ombe watatu wa maziwa na ndama mmoja. Nikauliza ya bei nafuu. Akanitolea kakamera ka plastiki ka manjano, unapiga filamu ikiisha unakatupa. Kanaingia majini bila wasiwasi. Nikakashika, nikafurahi, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Marion amekatazama bila kukagusa. "Mwalimu, hii ni ya picha ya kusimama. Wataona nimekaa tu kwa boti kama mtu anangoja daktari."

Kesho narudi Kisii.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Barabara haipitiki. Sijarudi Kisii.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Tumempata Makori wa Marani, anayepiga video za harusi. Kamera yake hubebwa begani kama gunia la mahindi. Ameifunga kwa mifuko ya nailoni na raba za kufungia, akasimama majini hadi magotini, akampiga picha Marion akipita na chombo chake. Chombo chenyewe ni tyubu za lori zilizofungwa pamoja kwa kamba za mkonge na mianzi. Mimi nakiita chelezo, Marion anasisitiza ni boti.

Tumeangalia kanda jioni. Kila kitu kina ukungu wa nailoni. Na Makori, kwa mazoea, ameweka muziki wa harusi na mioyo myekundu inayopaa kutoka kichwani mwa dada yangu.

"Mioyo ni bure," amesema Makori. "Hiyo silipishi."

Nilitoka nje nikasimama kidogo peke yangu.

Jumamosi, 20 Aprili

Sabato. Jua limewaka kutwa nzima, mto umejaa na unang'aa, na sisi tuko kanisani. Kesho mvua itanyesha tangu alfajiri, naapa.

Jumapili, 21 Aprili

Imenyesha tangu alfajiri.

Jumatano, 24 Aprili

Arvind ana kamera ndogo ya video, imetumika, lakini nzima. Kanda yake inatosha kiganjani. Hakutaka kuiuza kwa bei ninayoiweza, nami sikutaka kuondoka, tukakaa hivyo mpaka mkewe Sudha akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi. Mwishowe akasema Jumapili duka limefungwa, kwa hiyo niichukue Jumapili, niirudishe Jumatatu.

"Lakini Mwalimu, sikiza. Ikilowa, ni yako. Utalipa pole pole mpaka mimi nazeeka."

Nimempa mkono. Halafu njiani nikakumbuka kwamba hiyo kamera haina mpira hata chembe. Ukiipigia chafya inaharibika. Sasa natafuta sanduku la kuivisha, na Arvind lazima alikuwa anacheka tangu nilipofunga mlango.

Ijumaa, 26 Aprili

Sanduku la mbao la fundi wa Nyaramba limevuja. Sufuria yenye kifuniko cha kioo imevuja. Ndoo ya rangi haikuvuja, lakini huoni kitu.

Mama amekuja kutazama. Mama yetu, Nyakerario, hajawahi kuipenda habari hii. "Mtoni ni pa kuchota maji na kufua," amesema. "Yaya, hapana! Msichana mzima anapanda matairi." Akanigeukia mimi, kama kwamba matairi ni yangu. "Na wewe Mose, umesoma ukamaliza, unampigia makofi."

Simpigii makofi. Natafuta sanduku tu.

Jumapili, 28 Aprili

Bitutu, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga za chinsaga alizokuwa anachambua: "Si umuulize mjomba Obwocha?"

Obwocha ni mjomba wake wa Tabaka. Anachonga mawe: vikombe, sahani, wanyama wa kuuzia watalii. Nikamwuliza mchonga mawe anahusikaje na kamera. Akasema jiwe la Tabaka halipitishi maji, kwao wanatengeneza mpaka vyungu vya maua. Nikaanza kutafuta nauli ya Tabaka.

Jumanne, 30 Aprili

Tabaka. Vumbi jeupe kila mahali, hata kwenye nyusi za watu. Obwocha amesikiliza akiwa na msasa mkononi, halafu akauliza swali moja: "Unataka lifanye nini?"

"Maji yasiingie," nikamwambia. "Hata tone."

"Basi litafanya hivyo."

Alhamisi, 9 Mei

Shule imefunguliwa. Insha za Kidato cha Tatu bado hazijasahihishwa, na wanafunzi wameanza kuulizia kwa heshima ya uongo.

Sanduku limekuja, Obwocha amelileta mwenyewe. Ni zuri, sitasema uongo. Limechongwa vipande viwili vya jiwe la rangi ya maziwa, likapigwa msasa mpaka linateleza mkononi. Kati ya vipande kuna mpira wa tyubu, na boliti zinazokaza pande zote. Mbele kuna kioo kinene kilichopachikwa kwa gundi nyeusi. Juu ya kifuniko, bila mtu yeyote kumwomba, Obwocha amechonga kiboko.

"Kiboko wa nini, mjomba?"

"Wazungu wanapenda kiboko."

Tukatia leso ndani, tukakaza boliti, tukalizamisha kwenye karai la maji mpaka chakula cha jioni kikaiva. Leso ilitoka kavu kabisa. Nilimshika Obwocha mkono kwa mikono miwili, nikamsifu mbele ya watu. Marion alikuwa anajaribu kuliinua lile sanduku kutoka kwenye karai. Akajaribu tena. Akaniangalia.

"Mwalimu, hii kitu haielei. Hii inazama na boti yangu yote."

Nikamgeukia Obwocha. Alikuwa anakunywa chai yake kwa utulivu mkubwa.

"Uliniambia maji yasiingie," akasema. "Kuelea hukusema."

Jumapili, 12 Mei

Tumelifunga sanduku upande wa kushoto mbele, kioo kikimtazama Marion aliyeko nyuma na kasia. Chelezo kikainama kushoto. Tukaweka gunia la mchanga kulia, likalowa, likapasuka. Tukaweka mawe, yakabingirika. Marion akasimama majini akanikagua kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Mwalimu, wewe una kilo ngapi?"

Bitutu amecheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Mimi sijui kuogelea. Nimelelewa kando ya mto huu na sijui kuogelea, maana tukiwa watoto Marion ndiye aliyekuwa akitoroka, mimi nikitumwa kumrudisha nyumbani. Lakini mvua ilianza, tukaahirisha, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nimeishukuru.

Jumamosi, 18 Mei

Sabato. Jua.

Jumapili, 19 Mei

Naandika kwa penseli kwa sababu mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji na kalamu inateleza.

Asubuhi kulikuwa na jua. Nilipaswa kushuku. Mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye mizizi ya mikaratusi, rangi ya chai ya maziwa, unanguruma. Ukishalifunga sanduku huwezi tena kubonyeza kitu, kwa hiyo kamera huwashwa kwanza, halafu boliti zikazwe, nayo inaendelea kurekodi yenyewe humo ndani. Nilikaza kwa haraka. Obwocha alikuwa amekuja kutoka Tabaka na shati jeupe, kama mtu aliyealikwa kwenye ubatizo. Mama hakutoka nyumbani.

Nikakaa kulia mbele, nimeshika mwanzi. Mzigo wa kusawazisha kiboko. Marion akasukuma, akaruka nyuma, tukaondoka.

Nitasema ukweli: kwa muda kidogo ilikuwa raha. Maji yanakuinua, yanakushusha, na nyuma yangu nilisikia sauti ya dada yangu ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, sauti ya mtu anayetoa amri. "Kulia! Lala! Inuka!" Nilitii kila kitu. Tukapita jiwe la kwanza, tukapita pale wanapoanika nguo, watu wakapiga kelele ukingoni.

Kisha tukagonga jiwe lile kubwa la kona. Chelezo kikapanda upande mmoja kikasimama wima kama mlango. Kamba ya sanduku ilikatika kwenye mwanzi, nikaliona sanduku linateleza, na nikamwona Marion akiudaka ule mwisho wa kamba kwa mkono mmoja. Akaushika! Niliona kwa macho yangu. Halafu mimi nikaanguka.

Niliogopa. Sijui kuandika zaidi ya hapo. Maji yaliingia puani na masikioni, kukawa kimya cha ajabu, na nilifikiria insha za Kidato cha Tatu, kwamba atazisahihisha nani. Halafu kitu kikanikamata kola ya sweta, kikanivuta vibaya sana juu ya mawe, na nikajikuta nimelala kwenye matope, Marion ananipiga mgongoni.

Kitu cha kwanza nilichouliza kilikuwa, "Kamera?"

Akatikisa kichwa.

Kamera ya Arvind iko chini ya mto. Kamba alikuwa nayo mkononi. Angeizungusha kwenye mwanzi mara moja tu, angeibana hata kwa goti, mtu mwenye nguvu kama yeye! Anataka kuongoza watalii na hawezi kushika kamba. Nilimwambia hivyo, mbele ya Bitutu na Obwocha, nikitapika maji. Alikaa akitazama mto.

Jumatatu, 20 Mei

Nimekwenda kwa Arvind kabla ya shule. Nilikuwa nimetunga hotuba. Nilipofika kwenye neno "mto" alitoka nyuma ya kaunta, akanitazama bandeji, akanitazama uso.

"Wewe iko mzima?"

"Mzima."

"Basi kaa. Sudha! Chai. Kamera tutaongea siku ingine."

Miaka yote nimemwona mtu huyu kama rejista ya pesa iliyovaa miwani. Nimekunywa chai yake na nimeona aibu.

Alhamisi, 23 Mei

Mama amesema safari za mtoni zimekwisha. Marion amesema ndiyo. Hakubishana. Sijazoea, na imeniudhi kuliko kama angebishana.

Jumapili, 26 Mei

Mvua. Nimemwambia Marion tukajaze fomu za chuo. Amejaza. Mwandiko wake ni mzuri, sikujua.

Hatujaongea jambo lingine. Bado nina hasira na ile kamba. Ninapofumba macho naiona mkononi mwake.

Jumatano, 29 Mei

Bitutu ananiambia Marion huamka mapema kila siku kwenda kutazama kina cha maji. "Unamnunia mtu aliyekutoa mtoni," akasema. Nikamwambia hayo ni mambo mawili tofauti. Akaniwekea chakula na kwenda kulala.

Jumanne, 4 Juni

Hakuna mvua.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuna mvua. Wakulima wanalalamika. Mimi pia nalalamika, ila kwa mazoea.

Jumapili, 9 Juni

Nilikuwa nanyoa ndevu niliposikia watoto wa jirani wakipiga mayowe kutoka mtoni: "Kiboko! Kiboko!" Hakuna kiboko katika mto huu, na hakuna atakayekuja. Nikaelewa, nikakimbia na sabuni usoni.

Maji yamepungua mpaka kiunoni. Chini ya jiwe la kona, kwenye shimo lenye mchanga, alionekana kiboko wa Obwocha, mgongo juu, amekwama kama aliyezaliwa hapo. Marion alikuwa ameshazama. Alilisukuma, akatoka kuvuta pumzi, akazama tena. Mwishowe tuliingia sote, mimi, Bitutu, hata Mama aliyeteremka kutugombeza akajikuta ameshika kamba, tukalivuta mpaka nyasini.

Boliti zilikuwa na kutu. Nilizifungua moja moja. Ndani kulinuka mpira, na kamera ilikuwa kavu kama nilivyoiacha. Betri imekufa, hiyo tu.

Mama aligusa ndani kwa kidole, akakitazama kidole. "Obwocha ni fundi," akasema. Hilo ni neno kubwa kwake.

Jumatatu, 10 Juni

Arvind amefunga duka mchana, jambo ambalo watu wa Kisii hawajaliona bila msiba. Ameunganisha kamera na televisheni. Tuliketi kwenye viti vya pasipoti: mimi, Marion, Arvind na Sudha.

Kwanza giza, kioo kikiwa kimelalia nyasi, na sauti yangu nikilalamika kuhusu boliti, jiwe na kiboko. Muda mrefu sana wa mimi nikilalamika. Sudha alifunika mdomo kwa sari. Kisha mwanga, na Marion.

Picha si nzuri. Kioo kilikuwa na matone, anga linayumba, mawimbi hayaonekani vizuri, mimi niko pembeni kama gunia la sweta. Lakini uso wake uko katikati, karibu, na mikono. Kasia linaingia majini bila haraka. Macho yake hayatulii, yanasoma mto. Sikujua dada yangu ana uso ule.

Halafu likaja jiwe la kona. Dunia ikalala upande. Sanduku likateleza, likakwama likining'inia kwa kamba, na katika televisheni ya Arvind nikamwona Marion ameishika. Hakuishika kwa uzembe. Alikuwa ameizungusha mkononi mara kadhaa, imemkaza mpaka ngozi imekuwa nyeupe, meno ameyauma, ameegemea nyuma kwa uzito wake wote. Angeweza kuishika mpaka jioni.

Pembeni, ile sweta ikatoweka.

Alitazama pale nilipokuwa. Hakutazama tena kamera hata kidogo. Alianza kuifungua ile kamba mkononi, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kwa meno na kwa vidole, na alikuwa anaita. Ndani ya jiwe sauti ilisikika kwa mbali, lakini ilisikika. Hakuwa akiita Mwalimu. "Mose! Mose! Mose!"

Kamba ikaachia. Picha ikawa ya kahawia, kisha nyeusi, na baada ya hapo ni mngurumo wa maji tu mpaka kanda ikaisha. Hakuna aliyeinuka kuizima.

Nilimtazama mkono. Alama bado ipo, chini kidogo ya saa yake. Nimekaa naye meza moja wiki hizi zote na sikuiona.

"Nilidhani uliiachilia tu," nikamwambia.

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unatapika maji, Mwalimu. Halafu ukaanza kununa. Ningesema saa ngapi?"

Nikamwomba msamaha, pale pale, mbele ya watu na saa za ukutani. Akaniambia yamekwisha. Arvind alikuwa anapangusa miwani ambayo haikuwa chafu.

Jioni Marion alitaka tukate kanda pale kabla ya jiwe. "Hapo mbele nimegonga, nimepoteza vitu, nimepoteza mpaka abiria. Hawatanichukua."

Nikamwambia inakwenda nzima. Akabisha. Nami nikabisha, nikapandisha sauti, tukapayuka mpaka Mama akagonga ukuta. Ilikuwa vizuri kusikia anabisha.

Jumanne, 11 Juni

Nimeipeleka kanda mwenyewe kwa basi la Nairobi, nikamwagiza dereva kama anayebeba yai.

Jumamosi, 15 Juni

Sabato. Mawingu! Sasa ndiyo mawingu yanakuja.

Jumatatu, 17 Juni

Kimya.

Alhamisi, 20 Juni

Kimya. Nimesahihisha insha za Kidato cha Tatu, zote. Nimewapa alama nyingi mno.

Jumatano, 26 Juni

Kampuni ilikuwa na namba ya simu ya duka la Arvind, na Arvind alituma mtu mpaka Nyaramba kutuita. Tulifika, simu ikapigwa tena. Marion aliishika kwa mikono miwili. Mimi nilisimama karibu, nasikia sauti ya bosi inakwaruza bila kuelewa maneno.

"Ndiyo," alisema Marion. "Ndiyo, ni jiwe. Tabaka. Ndiyo, huyo ni kiboko." Kisha akasikiliza muda mrefu. "Tarehe moja? Nitafika. Ndiyo, nitafika."

Tarehe moja ndiyo siku ya kufungua chuo. Fomu zile nitakwenda kuziondoa mwenyewe, na nitaona haya mara ya pili, lakini sitakufa.

Nilidhani wamemaliza. Lakini bosi alikuwa ameuliza jambo lingine, kwa maana Marion alinigeukia, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni kama siku ile aliponipima uzito.

"Yule wa sweta?" akasema kwenye simu. "Alipona. Yuko hapa, analalamika."